Maji Yasiyofika Baharini

Barabara ya kutoka Arusha kwenda Babati ikishapita Makuyuni hupungukiwa na magari ya watalii. Mengi yao hukata kulia kuelekea Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro. Mabasi yetu hunyoosha kusini, na baada ya muda Ziwa Manyara linajitokeza upande wa kulia, kingo zake nyeupe kwa magadi, ukuta wa Bonde la Ufa umesimama nyuma yake. Abiria wengi wakati huo wamelala. Mimi hukaa macho, kwa sababu hapo ndipo linapoonekana wazi jambo lililonipeleka Babati: maji ya eneo hili hayaendi popote.

Mto Tarangire unaishia Ziwa Burunge. Mito inayoteremka kutoka miinuko ya Mbulu inaishia Manyara. Eyasi, Natron, Balangida, yote ni maziwa yasiyo na mto wa kuyafikisha baharini. Mamlaka za maji zimelipa eneo hili lote jina la Bonde la Kati, na bodi inayolisimamia ina makao yake Singida. Maji yakishaingia humu yana njia mbili za kutoka: kupanda juu kama mvuke au kuzama ardhini. Mvuke haubebi chumvi. Haubebi risasi wala kromu. Jua la Manyara huchukua maji matupu na kuacha nyuma kila kilichokuwa ndani yake, na mvua ya mwaka unaofuata huongeza kingine juu ya kile cha mwaka jana.

Mji wa Moshi ukimwaga uchafu, upo mto Pangani wa kuubeba hadi Bahari ya Hindi, ingawa watu wa Nyumba ya Mungu na Korogwe wana haki ya kuuliza kwa nini wao wawe njia ya taka za wengine. Babati haina hata udhuru huo. Kinachomwagwa huku kinakaa huku.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Minjingu, kabla hujafika mjini. Kilima cha Minjingu ni fosfeti, na fosfeti hiyo imetokana na ndege. Zamani sana, Ziwa Manyara lilipokuwa pana na lenye kina kuliko tunavyoliona, minandi na ndege wengine wala samaki walitua kwa wingi mno kwenye kisiwa kilichokuwa hapo, wakala, wakanya, wakafa. Vinyesi na mifupa vikarundikana vikawa mwamba. Akiba hiyo iligunduliwa mwaka 1956, na uchimbaji ukaanza mwaka 1983. Leo mkulima wa Mbeya au Bukombe akinunua mfuko wa mbolea ya Minjingu, ananunua chakula cha ndege wa ziwa lililokwisha kurudi nyuma. Ni baraka. Ila mwamba uleule una pia madini ya urani kwa kiwango kinachozidi kile cha udongo wa kawaida, na wanasayansi wa Tanzania wamekwenda mara kadhaa kupima mionzi katika eneo hilo. Bonde halikuchagua la kutunza na la kutupa. Lilihifadhi kila kitu pamoja, chema na kibaya.

Nilipokuwa nikisoma kemia chuoni nilifundishwa kwamba suluhisho la uchafu ni kuupunguza makali kwa maji mengi. Somo hilo lilitungwa na watu wanaoishi kando ya mito mikubwa na bahari. Nadhani mtoto wa Babati angepaswa kufundishwa kinyume chake tangu darasa la tano, akionyeshwa Minjingu kwa macho.

Tukapita Kwa Kuchinja, njia ya pundamilia na nyumbu wanaohama kati ya Tarangire na Manyara, kisha Magugu na mashamba yake ya mpunga na miwa. Mchele wa Magugu hauhitaji kusifiwa na mimi. Kinamama waliinua ndoo hadi madirishani, basi likasimama kidogo, tukaendelea kupanda.

*

Babati ilikuwa mji mdogo wa wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, Manyara ilipofanywa mkoa na Babati ikawa makao yake makuu. Tangu hapo mji umejaa. Lami imefika kutoka pande zote, na mahali lami inapokutana na umeme, mbaazi, alizeti, mahindi na ng'ombe, viwanda huota vyenyewe. Kuna mashine za kukamua mafuta, kuna viwanda vya vinywaji, viwanda vya kusaga nafaka, machinjio, gereji zisizo na idadi, vituo vya mafuta, sehemu za kuoshea magari. Vingi ni vidogo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kiwanda kikubwa kina lango, kina meneja, kina cheti cha tathmini ya mazingira ukutani. Gereji ya vijana watano chini ya mwarobaini haina chochote kati ya hivyo, na oili yao chafu inaweza kuwa mbaya kuliko maji ya kiwanda kizima cha unga.

Mlima Kwaraa uko juu ya mji, ziwa liko chini yake. Ziwa Babati lina maji baridi, si la magadi kama Manyara. Lina viboko, perege na kambale, na lina kina kifupi. Likijaa hupanda hadi mjini. Mwaka 1964 lilipanda, 1979 likapanda tena, na 1990 likaingia kwa kishindo ambacho wazee bado wanakisimulia kwa kuonyesha alama za kiuno. Watafiti walibishana iwapo sababu ilikuwa kukatwa kwa miti milimani au mvua peke yake. Mimi nilivutiwa na jambo jingine. Nilimkuta mama mmoja akikausha dagaa upande wa Bagara, nikamwamkia, nikamwuliza kama haogopi ziwa kurudi. Akanijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, ziwa likirudi halitaleta kitu kigeni. Litarudisha vya kwetu."

Nimeshiriki warsha nyingi za mazingira, na sikuwahi kusikia maelezo mafupi na kamili namna hiyo.

Kijana wa bajaji aliyenizungusha alinipeleka kwanza kwenye gereji. Niliwakuta mafundi wakibadilisha oili ya lori la mbaazi. Oili chafu walikinga kwenye dumu, maana ina mnunuzi: watu huitumia kupaka mbao dhidi ya mchwa. Nilifurahi kuona hivyo. Lakini maji ya kuoshea injini yalikwenda moja kwa moja ardhini, na kwenye kona kulikuwa na betri zilizopasuliwa. Niliuliza asidi yake inakwenda wapi. Fundi mkuu, mtu wa makamo, alielekeza kidole kwenye shimo. "Pale, mama. Inanywea yenyewe."

Inanywea, kweli. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, na udongo wenye chokaa huweza kuizima kwa siku chache. Lakini ndani ya asidi ile kuna risasi iliyoyeyuka na chembe zake laini, na risasi haizimwi na kitu. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa mmoja wa Mombasa, waliijua kwa gharama kubwa kupita kiasi. Kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilikuwa jirani yao, watoto wakaugua, na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, akapigana hadi akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015 na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Nilimsimulia fundi habari hiyo. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila ofisa wa mazingira aulizwe: "Sasa mama, tukiikinga kwenye dumu kama oili, nani atakuja kuichukua?"

*

Hapa niseme kitu kuhusu namna maji ya viwandani yanavyosafishwa, kwa sababu watu wengi huwaza mtambo mmoja wa miujiza, maji meusi yanaingia huku na meupe yanatoka kule.

Uchafu uko wa aina mbili, na tofauti yake ndiyo kila kitu. Aina ya kwanza ni ule unaooza: sukari, wanga, damu, mafuta, mabaki ya pombe. Ukiuacha uende ziwani, vijidudu huula, na katika kuula hutumia oksijeni yote iliyomo majini, samaki wakafa kwa kukosa hewa. Kipimo chake huitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watahitaji kwa siku 5. Kiwango cha taifa, TZS 860, kinataka maji yanayotoka kiwandani yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita. Maji ya vyooni na jikoni huwa na mia kadhaa. Mabaki ya kukonga pombe ya molasi yanaweza kufika makumi ya maelfu. Inatisha, lakini uchafu wa namna hii una mwisho. Ukiulisha vijidudu mahali ulipopanga wewe badala ya ziwani, utakwisha kweli kweli. Utageuka hewa na maji.

Tena unalipa. Vijidudu wasiotaka oksijeni, wakifungiwa ndani ya tangi, hugeuza uchafu huo kuwa methani, gesi inayoweza kupikia. Kila kilo moja ya uchafu unaopimwa kwa oksijeni ikiliwa hutoa takribani lita 350 za methani. Arusha, kiwanda cha Banana Investments, kinachotengeneza mvinyo wa ndizi, kiliingia kwenye kazi hiyo pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, chini ya mpango wa kikanda wa BioInnovate ulioanza mwaka 2010. Profesa Karoli Njau ni mmoja wa walioshughulika nayo. Maji machafu ya ndizi huingia kwanza kwenye mtambo wa gesi, kisha hupitishwa kwenye bwawa la changarawe lililopandwa matete. Matete yenyewe hayafanyi maajabu. Mizizi yake huingiza hewa kidogo na kuwapa vijidudu mahali pa kujishikiza, na changarawe huyapunguza maji mwendo. Kundi la watafiti wa Dar es Salaam, akiwamo Profesa Tolly Mbwette na Profesa Jamidu Katima, lilikuwa likijenga mabwawa ya namna hii tangu miaka ya 1990, kwa mimea iliyo kando ya kila mto wetu. Napenda sana teknolojia hii. Haihitaji umeme mwingi, haihitaji kemikali ya meli, na fundi ujenzi wa Babati anaweza kuielewa akichorewa mara moja.

Aina ya pili ya uchafu haiozi. Risasi, kromu, zebaki, urani, floridi, chumvi. Hivi ni elementi au chumvi zake, na elementi haina kitu kidogo kuliko yenyewe cha kugeukia. Mtambo hauwezi kuviua, unaweza kuvihamisha tu. Chukua kromu ya viwanda vya ngozi. Katika kulainisha ngozi kwa chumvi za kromu, sehemu kubwa huingia ngozini, lakini theluthi moja au zaidi inaweza kubaki kwenye maji. Ukitia chokaa, maji yakapoteza ukali wa asidi, kromu huganda na kutuama kama uji wa kijani. Maji ya juu yanasafika. Uji umebaki chini, na kromu yote imo humo.

Mwenye akili hatumii chokaa. Hutumia magnesia, akautenga ule uji, akauyeyusha kwa asidi ya salfuriki, akaurudisha kwenye pipa la kulainishia ngozi. Kromu ileile hutumika tena na gharama ya kununua mpya hupungua. Hiyo ndiyo ninayoiita kusafisha maji. Lakini inawezekana kwa sharti moja: maji ya kromu yasichanganywe na mengine. Yakishachanganyika na maji ya kuoshea manyoya, ya vyoo, ya jikoni, kromu inakuwa kidogo ndani ya mengi, imejishika na mafuta na uchafu, na hakuna atakayeipata tena kwa bei inayolipika.

Safari nzima nilikuwa nikilizunguka neno hilo: kutochanganya. Watu wanajenga mabomba ya kukusanya maji yote ya mji mahali pamoja, kisha wanatafuta mtambo wa kuyatenganisha. Ilhali yalikuwa yametengana yenyewe kabla hawajayakusanya.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, walilielewa mapema. Nchi yao ni kavu kuliko Manyara, na mito yao hukauka. Tangu mwaka 1968 wanayasafisha majitaka ya majumbani katika mtambo wa Goreangab na kuyarudisha bombani, watu wakanywa. Walikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mji mzima. Wageni hustaajabia vichujio, ozoni na makaa. Mimi nastaajabia zaidi uamuzi usioonekana: maji ya viwandani, ya machinjio na ya bia na ya ngozi, yalitengwa yakapewa njia yake na mtambo wake, Ujams. Kunywa maji yaliyokwisha kutumika kuliwezekana kwa sababu kwanza walijua nini kimo ndani yake.

Na karibu zaidi kuna Naivasha. Ziwa lile nalo halina mto wa kutoka, nalo ni la maji baridi, nalo lina viboko na mji unaokua kwa kasi. Limezungukwa na mashamba ya maua yanayotumia dawa kali. Baadhi ya mashamba hayo yamejenga mabwawa ya matete kuyasafisha maji yao kabla ya kuyatumia tena au kuyaachia. Hayajamaliza matatizo ya Naivasha, lakini mtu wa Babati akienda kule atajiona nyumbani, na ningependa halmashauri ipeleke madiwani wake huko badala ya semina nyingine ya hotelini.

*

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kiwanda kidogo cha alizeti pembezoni mwa mji. Mwenyewe, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikuwa amepata habari zangu kwa yule kijana wa bajaji akaniita mwenyewe. Viwanda vingi vya saizi yake hukamua na kuchuja tu, mashudu yakauzwa kwa wafugaji, na maji hayatumiki kabisa. Yeye ameongeza hatua ya kusafisha mafuta, ili yawe meupe na yasiwe na harufu, kwa sababu wateja wa mijini wanataka hivyo.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mafuta mabichi yana asidi kidogo inayoyafanya yachache mapema. Unatia maji ya kostiki soda, asidi inageuka sabuni, sabuni inazama. Unaiondoa, kisha unayaosha mafuta kwa maji ya moto mara moja au mbili kuondoa sabuni iliyobaki. Mafuta yanatoka mazuri. Lakini nyuma ya kila pipa la mafuta safi kunabaki tope la sabuni na maji ya kuoshea, makali kwa kostiki, yenye povu na mafuta yaliyosambaa humo kwa chembe zisizotaka kuelea. Vyote viwili vilikuwa vikikutana kwenye mfereji mmoja nyuma ya jengo. Nilichovya karatasi ya kupimia: ilikwenda kwenye buluu iliyoiva, pH juu ya 10. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya 6.5 na 8.5. Mfereji uliishia kwenye shimo, na upande wa pili wa shimo kulikuwa na mahindi ya jirani. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa ya manjano.

"Nimeambiwa nitie maji mengi ya bomba ili yapungue ukali," alisema. "Ndivyo wengine wanavyofanya siku ya ukaguzi."

Nilimwambia ninavyoamini, na ninaamini hivyo kwa moyo wote. Kuongeza maji safi ili kipimo kishuke ni kumdanganya mkaguzi kwa siku moja na kuidanganya ardhi kwa miaka. Uzito wa kemikali ni uleule. Tena umeyapoteza maji mazuri, katika mji ambao kiangazi kikikaza kinamama huamka saa tisa usiku kupanga ndoo.

Tukakaa kwenye magunia, akatoa daftari. Tope la sabuni kwanza. Hilo lisiguse mfereji kabisa, likingwe peke yake kwenye mapipa, maana ni malighafi: watengenezaji wa sabuni za magadi na za miche wanalihitaji, na ukilitia asidi kidogo mafuta yake hujitenga na kuelea. Alicheka kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka mzima alikuwa akilipa vijana walichimbie shimo. Kisha maji ya kuoshea. Kwanza yapite kwenye mtego wa mafuta, sanduku la saruji lenye kuta mbili ndani, moja ikianzia juu na nyingine chini, ili kinachoelea kibaki. Yazimwe ukali, yatuame. Mbegu za mlonge zilizotwangwa zinaweza kusaidia kukusanya chembe laini. Protini yake hushikamana nazo zikazama, na mlonge anao uani. Halafu bwawa la changarawe na matete, lenye sakafu isiyovuja. Yatakayotoka yaoshee sakafu na magari ya kubebea alizeti, na yanayobaki yamwagilie miti ya kivuli. Si mchicha, si kitu kinacholiwa kibichi.

Nilidhani tumemaliza. Yeye ndiye aliyeuliza kilichobaki.

"Na kostiki yenyewe? Umesema chumvi haiozi."

Haiozi. Kostiki soda ukiizima kwa asidi inakuwa chumvi ya sodiamu, na matete hayaili. Kila pipa litaongeza sodiamu kidogo kwenye udongo wa bonde hili, na sodiamu hubana udongo wa mfinyanzi usipitishe maji wala hewa. Magadi meupe ya kingo za Manyara, niliyoyaona dirishani mwa basi, ni sodiamu iliyokusanywa na mvua za miaka isiyohesabika. Kiwanda kimoja hakitageuza Babati kuwa Manyara. Lakini mashine zinaongezeka kila msimu, na kila mwenye kiwanda atasema chake ni kidogo.

Swali la kinachobaki chini ndilo linaloachwa nje ya michoro yote mizuri. Hata mkaa wa mifupa unaotumika Arusha kuondoa floridi kwenye maji ya kunywa, uvumbuzi uliookoa meno na mifupa ya watoto wengi, hujaa baada ya muda, na mkaa uliojaa floridi lazima uende mahali. Mgodini ni hivyohivyo kwa ukubwa wa kutisha: tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka ukingo, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaja mzalishaji wa taka hatari kuwa na wajibu nazo hadi mwisho. Sawa. Lakini fundi wa gereji mwenye lita tano za asidi na tope la risasi hawezi kukodi lori la kwenda kwenye kiwanda chenye leseni mkoa mwingine. Mji ungeweza kuwa na banda moja lenye sakafu ya saruji, paa na kufuli, gereji zote zikapeleka madumu yao, na lori likaja likijaa. Halihitaji mfadhili wa ng'ambo. Linahitaji kiwanja na mtu wa kushika ufunguo. Nililisema hilo kwenye ofisi niliyopita kabla ya kuondoka, na nitaendelea kulisema.

Kuhusu kostiki, nilimweleza mama yule kuwa ipo potashi ya kostiki, inayofanya kazi ileile ya kuondoa asidi, ila ikizimwa huacha chumvi ya potasiamu. Potasiamu ni chakula cha mimea. Maji yake, yakishaondolewa mafuta, hurudi shambani kama mbolea badala ya kuwa mzigo, na mgomba au alizeti yenyewe huipenda. Wapo wasafishaji mafuta wanaofanya hivyo. Tatizo ni bei. Potashi ni ghali kuliko soda, na kwa kazi ileile unahitaji uzito mkubwa zaidi, kama kilo saba mahali pa tano.

Hakusema neno. Alipiga simu Arusha, kwa mtu anayemuuzia kemikali, akamwamkia, akaulizia watoto, kisha akaulizia potashi. Aliandika bei daftarini, akaipigia mstari, akanitazama. Ilikuwa zaidi ya mara mbili. Akarudisha simu sikioni.

"Na tukichukua viwanda vinne kwa pamoja, tani nzima?" aliuliza. "Basi ngoja. Usikate. Nikutafutie na yule wa Bonga."